Benchi la Agnetha

"Leo nimekukuta! Leo utaniambia kinachokugandisha hapa kila siku ni chai au ni mwenye chai!"

Sauti ilikuwa ya Bernadina, mama Ndaki, na pale kwenye kibanda cha Agnetha, Masumbwe, watu waliacha chapati mkononi. Mumewe, Mabula, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, sigara inafuka vidoleni. Hakuinuka.

"Mama Ndaki, punguza sauti."

"Nipunguze ili iweje? Nyumbani ni kule, karasha ni kule. Ukienda kusaga mawe ya dhahabu unakaa hapa. Ukirudi unakaa hapa. Hata Jumapili tukienda kanisani ulisema nitangulie, nikageuka nikakuona hapa hapa, kibanda kimefungwa! Unamlindia benchi?"

Agnetha alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa dada mpole, mcheshi kwa wateja, na Masumbwe nzima ilijua kuwa ana mchumba.

"Dada, mume wako anakaa kama wateja wengine. Siku nyingine hata chai hanywi."

"Hanywi chai! Mmesikia wenyewe? Sasa kama hanywi chai anafuata nini?"

Watu wakacheka. Jamani, watu wa kibandani hawana dogo, wakipata cha kuchekea hata mchuzi ukipoa hawajali. Ila mmoja hakucheka. Huyo ni Deusdedit, dereva wa lori la mchele kutoka Kahama, ndiye mchumba mwenyewe. Wazee wake walikuwa wameshapeleka posa na ng'ombe wa kwanza wameshafika kwa kina Agnetha. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Mabula," alisema, "mjibu mkeo. Na mimi nisikie."

Mabula alimtazama mkewe, akamtazama Deusdedit, akatazama mguu wake.

Hapo ndipo penye shida yote ya habari hii. Mabula alikuwa na jibu, tena fupi: mguu unauma. Akitembea kidogo, msuli wa nyuma ya goti unabana kama umefungwa kamba. Akikaa, unaachia. Akitembea tena, unabana. Kutoka nyumbani ulikuwa unabana pale pale karibu na kibanda, na kutoka karasha vivyo hivyo. Laiti benchi lingekuwa la kinyozi, angekaa kwa kinyozi.

Lakini machimboni, mwanaume akisema mguu umekuwa wa baridi na umeingia ganzi, nani atamuuliza kama ameenda hospitali? Watamuuliza, "Umetembea na mke wa nani?" Watasema ni tego, ile dawa ambayo watu wanaamini mume humwekea mkewe ili anayemwibia anaswe mwili. Na aliyenaswa na tego hakuna anayetaka kushuka naye shimoni, wanasema ana nuksi. Mabula aliona bora aitwe mpenda wanawake kuliko kuitwa mtu wa tego. Mwanaume mzima, akili kama ya kuku!

"Sina la kusema hapa," alisema, akajikongoja kuelekea nyumbani.

"Umeona?" Bernadina alimgeukia Agnetha. "Mwizi wa waume wewe! Na wewe kaka, ng'ombe wako umewapeleka bure. Hilo ni benchi la umma!"

 Agnetha alishika mlango wa kibanda, huku Deusdedit akitoa funguo za lori mfukoni.

*

Nyumbani Mabula alikuwa ameshavua kiatu. Mguu ulikuwa umepauka, vinyweleo vimekwisha, ngozi inang'aa.

"Mama Ndaki, nikande kidogo. Huu mguu umekuwa barafu."

Bernadina alikuwa akimkanda tangu kiangazi kilichopita, maji ya moto na chumvi, akiamini ni uchovu wa kubeba viroba vya mawe. Na kila mara alipima maji kwa kiwiko kwanza, kama anavyopima ya kumwogeshea mtoto. Mabula alikuwa akimtania: "Mimi ngosha, mwanaume mzima, unanipimia maji kama kichanga?" Naye humjibu, "Ukiungua nani atanilisha?"

Siku hiyo hakumpimia.

"Nenda akakukande mwenye benchi."

"Bernadina, nakuomba. Nisikilize kwanza."

"Nilikusikiliza pale mbele za watu. Ulisema huna la kusema. Sasa unalo?"

Mabula alifungua mdomo. Akaufunga. Ukweli ulimfika kwenye ulimi akaumeza tena.

"Basi," Bernadina alisema, akianza kukunja nguo za mtoto. "Narudi kwa baba yangu Ibadakuli. Ukinitaka unajua njia."

Alimbeba Ndaki mgongoni akaondoka. Mabula alichemsha maji mwenyewe. Akamimina kwenye beseni, akatia chumvi, akazamisha mguu. Hakusikia joto. Akaongeza maji. Hakusikia. Akaongeza tena, mvuke ukimpiga usoni, akisema moyoni angalau leo baridi itatoka. Alipoutoa mguu, ngozi ya vidoleni ilibaki ndani ya beseni.

*

Ibadakuli, Shinyanga, kwa baba yake, mzee Benjamini, Bernadina alisubiri. Kwa Wasukuma mke akirudi kwao kwa hasira, mume humfuata, anakaa mbele ya wakwe, anasema, anasemwa, yanaisha. Bernadina alitaka afuatwe tu. Hasira yake yote ilikuwa na shimo moja katikati, nalo lilikuwa na jina la Mabula.

Kwenye simu ukaingia ujumbe: "Mama Ndaki, nakuja nikipata nafuu."

Akajibu: "Nafuu ya nini? Umekonda kwa mapenzi?"

"Mguu."

"Mguu ulioweza kwenda kwa Agnetha umeshindwa kuja Shinyanga?"

 Mama yake Bernadina, mama Suzana, alikuwa akipepeta mchele pembeni.

"Mwanangu, mume wako amesema anaumwa. Kwa nini humuulizi anaumwa nini?"

"Mayu, mwanaume akimtaka mke wake atakuja hata kwa kutambaa."

Mama yake aliendelea kupepeta. Mchele wa siku ile ulikuwa na mawe mengi.

Baada ya wiki kadhaa akapiga simu Hosiana, jirani yake wa Masumbwe. Huyo Hosiana, Mungu amsamehe, habari ikimfikia nusu yeye huitimizia nusu ya pili.

"Shoga, umesikia? Mguu wa mumeo unaoza! Vidole vimekuwa vyeusi. Watu wanasema ni tego."

Bernadina alikaa chini. "Tego la nani?"

"Ndiyo nakwambia! Watu walimwendea Deusdedit kumpongeza kwamba amemtega mwizi wake. Unajua alisema nini? Alisema, 'Mimi sijatega kitu. Kama mguu umenaswa, basi kuna mwanaume mwingine aliyetega. Tupo watatu na mimi sikujua.' Ametuma wazee wadai ng'ombe wao. Uchumba umekufa, shoga!"

"Na Mabula?"

"Kalala ndani. Kazini wamemkataa. Lisemwalo lipo, shoga, na kama halipo laja!"

Ungedhani Bernadina angepanda gari siku hiyo hiyo. Wala. Alikata simu, akafuta machozi kwa nguvu, akamwambia mama yake:

"Sasa imethibitika. Mungu si Athumani."

Siku hizo zilizopotea, ndizo zilizokula vidole.

*

Mabula akaja. Asubuhi moja Bernadina alikuwa akianika mpunga mbele ya nyumba, Ndaki akifukuza kuku, akamwona mbali kule barabara kubwa akishuka kwenye bodaboda. Kwa mzee Benjamini kulikuwa na sharti: mkwe anayekuja kuomba mke hashushwi mlangoni kama mzigo. Anashuka barabarani, anatembea, watu wamwone amenyenyekea.

Mabula alianza kutembea, mguu ameufunga kitambaa, amevaa ndala. Kisha akasimama kwenye duka la Taramati, yule mama wa Kihindi anayeuza vitenge. Akashika kitenge, akakigeuza.

Bernadina aliacha kuanika. "Mayu, njoo uone! Amekuja kuniomba, ameanza kuchagua wanawake njiani. Sasa yuko kwa Taramati!"

"Taramati ana umri wangu," alisema mama Suzana.

Mabula aliachia kitenge, akatembea. Akasimama tena. Safari hii kwenye nguzo ya umeme. Akaishika, akainamisha kichwa.

Bernadina alisogea hatua moja mbele.

Mabula akatembea. Akasimama. Mbele yake palikuwa na ukuta wa matofali usio na mlango wala dirisha. Aliuegemea kwa paji la uso, mguu mmoja ameuning'iniza.

"Mayu," Bernadina alisema, sauti imebadilika. "Pale ukutani kuna mwanamke gani?"

 Bernadina aliikumbuka ile Jumapili. Kibanda kimefungwa, Agnetha hayupo, Mabula kakaa peke yake kwenye benchi akikanda msuli kwa ngumi. Aliliona kwa macho yake mawili. Akaligeuza kuwa kitu kingine.

Alikimbia. Alikanyaga mpunga wake mwenyewe, akapita kuku, akafika ukutani akihema.

"Mabula! Unaumwa nini?"

"Shikamoo ya wakwe bado sijaitoa, unaniuliza maswali," alijaribu kutabasamu, jasho linamtiririka. "Nisubiri kidogo. Unaachia sasa hivi."

"Unaachia nini?"

"Mguu. Nikisimama unaachia."

"Ndiyo maana ulikuwa unakaa kwa Agnetha?"

"Ndiyo maana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema mguu, mngesema tego. Nikakaa kimya, mkasema tego vilevile."

Bernadina alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akafungua kitambaa. Harufu ilimfika kabla ya macho. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama mkaa.

"Hii imetoka wapi? Mguu wako haukuwa hivi!"

Mabula aliangalia pembeni. "Nilijikanda. Siku ile ulipoondoka. Sikujua maji ni ya moto kiasi hicho."

Hakusema kwa kulaumu. Na hilo ndilo lililomchoma Bernadina kuliko lawama.

*

Daktari Marwa, wa hospitali ya Shinyanga, alikuwa mwanaume wa maneno machache. Alimlaza Mabula, akaweka vidole vyake juu ya unyayo wa kulia, akasubiri. Akahamia wa kushoto, akasubiri sana.

"Huku mapigo hayapo," alisema. Akapima shinikizo la damu mkononi, akapima na kwenye kifundo cha mguu. "Unavuta sigara?"

"Tangu ujana, daktari."

"Mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba. Ukitembea, msuli unaomba damu, damu haifiki, ndiyo unabana. Ukipumzika unaachia. Ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Haujatupiwa na mtu."

"Kwa hiyo siyo tego?" Bernadina aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Tego ni sigara, mama. Sasa niambieni, nani alimuunguza?"

Bernadina alitazama sakafu.

"Nilijikanda mwenyewe," alisema Mabula.

"Mguu usio na damu haukandwi kwa maji ya moto! Hausikii joto, na ukiungua hauna damu ya kujiponya. Mngekuja mapema, tungezungumza habari za dawa na mazoezi tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hujafa, shukuru, lakini vidole viwili vitaondoka. Naandika rufaa mwende Mwanza leo, wakuzibulie mshipa kabla haujaondoka mguu mzima."

Mzee Benjamini, aliyekuwa amewasindikiza, alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Daktari, na mimi nilimtembeza," alisema. "Kwa ajili ya sharti langu. Nilikuwa nimekaa kivulini namtazama mkwe wangu anavyokuja, nikasema moyoni, acha ajifunze."

Daktari alimkabidhi yeye karatasi ya rufaa.

Mwanza walimfanyia upasuaji. Walipitisha damu kwa njia mpya pembeni ya mshipa ulioziba, na vidole viwili vikaenda. Bernadina alikuwa kando ya kitanda Mabula alipozinduka.

"Mguu upo?" Mabula aliuliza.

"Upo. Shika." Alimshika mkono akaupeleka chini. "Umesikia? Una joto."

Mabula aliugusa kama mtu anayegusa kitu cha jirani. Kisha akaanza kulia, mwanaume yule mkubwa, bila kujificha.

"Nisamehe," Bernadina alisema. "Uliniomba nikukande. Mara moja tu uliniomba kwa unyonge, na mara hiyo ndiyo nilikunyima. Ningekataa kila siku nyingine, siyo ile."

"Na mimi nilikuwa na mdomo. Ulikuwa mzima, hauna ugonjwa wowote, nikaufunga."

"Mabula, tungepigana tu kama watu wengine wanavyopigana. Unanitukana, nakutukana, halafu nakukanda."

"Maji ya vuguvugu."

"Ya vuguvugu."

Walicheka huku wanalia. Nesi aliyeingia alifikiri kuna msiba.

*

Dawa kubwa waliyorudi nayo Masumbwe ilikuwa ni kutembea. Sigara marufuku, vidonge kila siku, na matembezi: tembea mpaka mguu ukuambie, pumzika, endelea. Mabula sigara alizitupa chooni akiwa bado na magongo. Mshipa, madaktari walisema, utazoea, na misuli itajifunza. Karasha wakampokea tena, tena kwa aibu, kazi nyepesi ya kupanga viroba.

Jioni jioni Bernadina alimsindikiza. Ila alimpitisha njia ya nyuma, ya sokoni.

"Mbona tunazunguka?" Mabula aliuliza. "Njia yetu ni ile. Na benchi liko pale."

"Huku kuna upepo."

"Mama Ndaki."

"Sina uso wa kupita pale, Mabula. Niache."

Alimwacha, na wakazunguka, wiki baada ya wiki, na mguu ukazidi kupata nguvu. Mabula alirudi kubeba mtoto mabegani. Siku moja alicheza ngoma kwenye harusi ya jirani, kidogo tu, watu wakapiga vigelegele. Bernadina naye alipiga kigelegele, kikamkwama katikati, maana upande wa pili alimwona Agnetha akigawa chakula alichokodiwa kupika, kichwa chini, na wanawake wakivuta waume zao kando anapopita.

Kesho yake alisema, "Leo tupite njia yetu."

Kibanda kilikuwa wazi lakini jiko halikuwaka. Agnetha alikuwa akifunga masufuria kwa kamba. Wateja wachache waliokuwepo ni wale wale wa siku ile.

"Agnetha," Bernadina alisema. "Unaenda wapi?"

"Kahama. Karibuni, leo hakuna chai."

Bernadina alipiga magoti mbele ya wale watu.

"Nilikutukana hapa hapa, walisikia hawa hawa. Nataka wasikie tena. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa mshipa. Alikuwa anakaa kwenye benchi lako kwa sababu mguu ulimshinda. Hukuniibia kitu. Mimi ndiye niliyekuibia. Nisamehe, mdogo wangu."

"Inuka, mama Ndaki. Utachafua kanga."

"Siinuki. Nipe namba ya Deusdedit."

"Ya nini?"

"Nimwambie kwa mdomo wangu, kama nilivyomwambia yale mengine."

Agnetha alimtazama muda mrefu. Alitaja namba kwa kichwa, hakuiangalia popote. Bernadina alipiga, akaweka sauti ya nje.

"Haloo? Deusdedit? Mimi ni mama Ndaki, mke wa Mabula wa Masumbwe."

"Nakusikia, mama."

"Kaka yangu, yale niliyosema ni uongo. Mume wangu ametibiwa Mwanza, ni damu ilikuwa haipiti mguuni. Hakuna tego. Hakuna mwanaume wa pili wala wa tatu. Agnetha ni msafi. Nakuomba, rudi kwa mchumba wako."

Upande wa pili injini ya lori ilizimwa.

"Mama Ndaki," alisema Deusdedit, "kwa nini hukunipigia mapema?"

"Niliona aibu."

"Nimeoa, mama. Mwezi uliopita. Wazee walisema ng'ombe waliorudi wasikae zizini bila kazi. Na Agnetha, yupo hapo?"

Bernadina alimwangalia Agnetha. Agnetha akatikisa kichwa.

"Hayupo," Bernadina alisema.

"Mwambie... Basi. Usimwambie kitu."

Simu ikakatika. Mteja mmoja alikohoa, akaondoka. Agnetha alikaza kamba ya masufuria kwa goti.

"Mwezi uliopita," alisema. "Mume wako alikuwa ameshapona, eh?"

"Alikuwa anatembea."

"Mlikuwa mnapita njia ya sokoni. Niliwaona. Nilikuwa nasema, kesho watapita huku, mama Ndaki ataona haya, atasema neno moja mbele za watu, Deusdedit atalisikia. Kila jioni nilikuwa nasema kesho." Alibeba mzigo kichwani. "Nimekusamehe. Sisemi kwa sababu umepiga magoti. Sitaki tu kwenda na wewe moyoni Kahama."

"Wabeja, mdogo wangu. Asante sana."

"Benchi nawaachieni. Mabula akichoka akae, siku hizi hakuna wa kumsema."

Akaenda zake kituoni, hakugeuka.

Mabula, aliyekuwa amesimama kando muda wote, alikuja akamshika mkewe bega.

"Twende, mama Ndaki. Mguu leo hauna neno. Nafika mpaka karasha bila kupumzika."

"Tangulia."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka. Nitakaa kidogo."

Mabula alitembea. Alipita kibanda, akapita nguzo, akapandisha kilima cha karasha, mwendo wa mtu mzima, mabega yamesimama, wala hakusimama popote. Bernadina alimtazama mpaka akapotea. Ndicho alichokuwa amemwomba Mungu kwa miezi yote ile, na sasa alikipata akiwa amekaa kwenye benchi la Agnetha, na wanawake waliokuwa wakirudi kisimani walipomwona pale peke yake, wakanong'onezana, wakapita ng'ambo ya pili ya barabara, kama walivyokuwa wakimkwepa Agnetha.